Nani Anashika Namba? Taa, Mita na Kufuli katika Vyumba vya Kupanga Omugo



Kurasa hizi zimezoea kuzungumza habari za mishahara, likizo na usalama kazini. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuingie nyumbani, maana mfanyakazi akitoka kazini hana budi kulala mahali, na mahali hapo kwa wengi wetu si pake. Ni chumba cha kupanga. Na chumba cha kupanga siku hizi kina mtu wa tatu ndani yake, ambaye si mwenye nyumba wala si mpangaji: ni kile kisanduku cha ukutani kinachohesabu siku, uniti na fedha, na ambacho hakisikii ombi la mtu.

Tulikwenda Omugo kwa kazi nyingine kabisa. Tulitumwa kukusanya malalamiko ya wanachama wa wilaya ya Terego juu ya posho za safari, na madaftari yetu yalikuwa tayari kwa habari hizo. Jioni ya kwanza tulimkuta muuguzi mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, ameketi kizingitini mwa chumba chake akichambua maharagwe kwa mwanga wa simu. Tulimwuliza kama sola imeharibika. Akacheka. Alisema sola ni nzima kabisa, jua limewaka mchana kutwa na betri imejaa. "Imefungwa," alisema, kama mtu anavyosema duka limefungwa.

Kodi ya chumba alikuwa amekwisha kuilipa tangu tarehe mbili. Lakini kile kisanduku cha sola ni mali ya mwenye nyumba. Bei ya taa imo ndani ya kodi, na mwenye nyumba naye bado anakilipia kisanduku kwa kampuni, kidogo kidogo, kwa simu. Mwenye nyumba anakaa Arua. Mwezi huo alipatwa na msiba, zikafuata ada za shule, na malipo ya sola yakapitwa. Siku alizokuwa amezilipia zilipokwisha, kisanduku kikajifunga chenyewe.

Hebu turudie jambo hili polepole, ndugu msomaji. Aliyekosa kulipa alikuwa mjini, kwenye mwanga wake. Aliyekwisha kulipa ndiye aliyeketi gizani, naye alikuwa na zamu ya asubuhi na nguo ya kazi ya kupiga pasi. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilifanya kama ilivyoagizwa. Kosa limo katika mkataba ambao mashine haiujui: baina ya muuguzi na mwenye nyumba kuna makubaliano ya mdomo, baina ya mwenye nyumba na kampuni kuna makubaliano ya maandishi, na baina ya muuguzi na kampuni hakuna kitu chochote. Alipoipigia simu kampuni, aliulizwa namba ya akaunti. Hana. Akaulizwa jina la mteja. Si lake.

Malalamiko ya posho tuliyaandika kesho yake. Lakini tangu jioni hiyo, kila tulikoingia, tulianza kwa kutazama ukuta.

Kwa wasiopajua Omugo, yafaa tuseme maneno mawili. Zamani mji huu mdogo ulijulikana zaidi kwa kituo chake cha afya, ambako wagonjwa wa malale wa sehemu hizi waliletwa kutibiwa. Mwaka 2017, wakimbizi kutoka Sudan Kusini walipozidi, ardhi ya Omugo iliongezwa katika makazi ya Rhino Camp. Mwezi Julai 2020 Terego ilitengwa na Arua ikawa wilaya yake yenyewe. Pamoja na makazi wakaja walimu, wauguzi, madereva, makarani, walinzi na mafundi wa maji, na wote hao walitaka mahali pa kulala. Wenyeji waliokuwa na kiwanja kando ya barabara wakafyatua matofali, wakapanga vyumba safu moja, mlango mmoja na dirisha moja kila chumba, mabati juu. Huko Kampala chumba cha namna hiyo huitwa muzigo. Hapa watu husema tu "rumu".

Kilichofuata ni taa. Na taa zilikuja kwa njia ambayo wazee wetu wasingeiamini: kwanza simu, kisha fedha ndani ya simu, kisha mwanga unaonunuliwa kwa fedha iliyomo ndani ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN ikaanza huduma kama hiyo Uganda mwaka 2009. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya sola ya kulipia kidogo kidogo, ikaingia Uganda mwaka uliofuata, na kampuni nyingine zikashika njia hiyo hiyo. Ufundi wake si mgumu kuueleza. Unatoa kiasi cha kuanzia, unapewa paneli, betri, taa mbili tatu na waya wa kuchaji simu. Kila unapolipa, kisanduku kinapewa siku, ama kwa namba unazobonyeza, ama kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Siku zikiisha kinajifunga. Ukimaliza deni, baada ya mwaka au miaka kadhaa, kinafunguliwa moja kwa moja na kinakuwa chako.

Sisi si maadui wa vitu hivi. Tuliosoma kwa kibatari tunajua harufu ya mafuta ya taa, tunajua kikohozi chake, na tunajua nyumba zilizoungua. Mfanyakazi asiye na shilingi laki kadhaa kwa mkupuo mmoja amepata taa, na hilo ni jambo kubwa. Tunalolisema ni kwamba kisanduku kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa katika nyumba yake mwenyewe. Kikiingizwa katika nyumba ya kupanga, huanza kufanya kazi nyingine.

Mfano wa pili tuliupata kwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye hakutaka kutegemea mtu. Alinunua sola yake kwa jina lake, akapanda mwenyewe juu ya mabati, akaipigilia paneli kwa misumari, akatoboa ukuta kupitisha waya. Akalipa miezi ishirini na kitu mpaka deni likaisha. Kisha barua ya uhamisho ikaja, kama zijavyo kwa walimu, na alipoanza kushusha paneli mwenye nyumba alisimama mlangoni. Hoja yake ilikuwa kwamba kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha nyumba, na kwamba mabati yana matundu, na mvua zinakuja. Walibishana siku mbili. Mwisho mwalimu aliacha taa moja na fedha za kununulia lami ya kuziba matundu, akaondoka na vilivyobaki. Tunakubali kwamba mwenye nyumba alikuwa na haki katika habari ya matundu. Katika habari ya paneli hakuwa nayo. Lakini yote mawili yangemalizwa kwa mistari miwili ya maandishi siku ya kuingia.

Sasa tuwapeleke Arua, maana wafanyakazi wengi wa Omugo wameziacha familia zao mjini, katika vyumba vya kupanga vilevile, na huko kisanduku cha ukutani ni cha aina nyingine.

Umeme wa Arua una historia yake ya taabu. Kampuni ya umeme ya West Nile, WENRECO, ilipewa kazi hiyo mwaka 2003, na kwa miaka mingi mji ulitegemea jenereta na saa za zamu. Mtambo wa maji wa Nyagak, wenye nguvu ya megawati 3.5, ulianza kazi mwaka 2012. Mkoa wetu uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu. Kwa hiyo watu wa huku wameingia katika ulimwengu wa mita kwa haraka, bila ule mwendo wa polepole ambao wenzetu wa Dar es Salaam waliupitia tangu LUKU ilipoanza miaka ya 1990, au wa Kampala waliojifunza Yaka tangu 2011.

Katika ua wa vyumba sita, jadi ilikuwa mita moja. Bili ikija, inagawanywa kwa vichwa. Hapo ndipo ujirani ulipokufa. Chumba cha kwanza kuna mama anayeuza soda baridi, ana friji. Cha pili kuna kijana fundi cherehani, pasi yake haipoi. Cha tatu kuna mlinzi wa usiku ambaye hurudi alfajiri, huchaji simu yake na kulala. Wote walipe sawa? Mlinzi anasema hapana, na ana haki. Basi watu wakaanza kuchunguliana. Nani alipika kwa koili usiku? Redio ya nani ililia mpaka saa sita? Tumewahi kukaa katika ua ambamo mwenye nyumba alikata waya wa plagi zote, akaacha balbu tu, ili kumaliza ugomvi. Alimaliza ugomvi kweli, na kila mtu akaanza kutafuta chumba kwingine.

Kuna hasara nyingine katika mita ya pamoja, isiyoonekana kwa macho. Katika bei za umeme wa nyumbani za miaka ya karibuni, serikali imeweka uniti 15 za mwanzo za kila mwezi kwa bei nafuu, ili maskini apate walau mwanga. Lakini unafuu huo unahesabiwa kwa mita, hauhesabiwi kwa mlango. Familia sita katika mita moja hugawana uniti 15 zile zile, zikaisha siku za mwanzo, na zilizobaki zote hulipwa kwa bei ya juu. Mwenye nyumba mkubwa aliye peke yake katika ua wake anazipata zote. Mlinzi wetu anapata mbili na nusu.

Ndiyo maana mita ndogo za tokeni zilipokuja, zilipokewa kwa vigelegele. Nairobi, katika maghorofa ya kupangisha, zimekuwa jambo la kawaida, na sasa zimeanza kuonekana kwetu. Kila chumba kina mita yake, kila mpangaji ananunua tokeni yake kwa simu, anabonyeza namba 20, taa inawaka. Hakuna kuchunguliana. Mama wa soda analipa friji yake, mlinzi analipa chaja yake. Tuliowahoji katika ua mmoja wa namna hiyo walituambia kwamba sasa wanasalimiana. Hilo tuliandika kwa furaha, na hatutalifuta.

Ila mita ndogo si mita ya kampuni ya umeme. Ni ya mwenye nyumba. Yeye ananunua umeme kwa kampuni kupitia mita kubwa, kisha anawauzia wapangaji kupitia mita ndogo, kwa bei aliyoiingiza mwenyewe katika mfumo. Kwa maneno mengine amefungua duka la umeme ndani ya ua, na ni duka pekee. Bei yake hutaikuta imebandikwa ukutani. Njia ya kuijua ni hesabu ya darasa la tatu: chukua fedha uliyolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Ukilipa shilingi 10,000 ukapata uniti 10, umeuziwa uniti moja kwa 1,000. Kisha ulinganishe na bei inayotangazwa na mamlaka ya umeme, ERA. Tulipofanya hesabu hiyo pamoja na wapangaji wa ua ule, wawili walinyamaza, mmoja akaenda kumwita mumewe.

Mfumo huo huo unaweza kuagizwa ukate sehemu ya kila tokeni kwa ajili ya deni la kodi. Unaweza pia kuagizwa usiuze tokeni kabisa kwa chumba fulani. Mwenye nyumba anaweza kufanya hivyo akiwa Kampala au Juba, kwa kidole kimoja, bila kupanda basi na bila kumtazama mtu usoni. Zamani aliyetaka kumtoa mpangaji kwa hila alikuja usiku kung'oa mlango, na majirani wote walimwona. Aibu ilikuwa kinga ya mpangaji. Kidole hakina aibu.

Hapa lazima tusimulie kisa cha tarehe 24 Novemba 2024, kwa sababu wengi walikipitia bila kukielewa. Mita hizi za namba 20, karibu dunia nzima, hufuata utaratibu mmoja. Mita haiunganishwi na kitu chochote. Haina simu wala intaneti. Inatambua tokeni kwa hesabu za siri, na ndani ya kila tokeni imo saa iliyotengenezwa, ili tokeni moja isitumiwe mara mbili. Saa hiyo ilihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyowekwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zikifika hapo, zimeisha. Nazo zilifika hapo tarehe 24 Novemba 2024. Mita yoyote ambayo haikuwa imeingizwa namba mbili za kuifungua upya, kila moja ya tarakimu 20, isingekubali tokeni mpya.

Makampuni makubwa ya umeme ya Kenya, Tanzania na Uganda yalitangaza redioni na kuwapelekea wateja namba zao. Mita ndogo za wenye nyumba nazo zilihitaji namba hizo, lakini nani angewatangazia? Mwanachama wetu mmoja alinunua tokeni siku chache baadaye, akaibonyeza mara tatu, mita ikaikataa mara tatu. Alidhani amekosea namba. Kisha akadhani mwenye nyumba amemfungia kwa sababu ya kodi ya nusu mwezi. Akampigia kwa hasira, wakatukanana, na baadaye ikajulikana kwamba mwenye nyumba mwenyewe hakujua lolote: aliyemwuzia mita alikuwa amebadilisha namba ya simu. Siku nne friji ya jirani yake ilikaa imezimwa. Watu wawili wasio na kosa waligombana juu ya saa iliyoanza kuhesabu mwaka 1993. Tangu hapo tumejifunza kuuliza, kabla ya kulipa kodi ya kwanza, si bei ya uniti tu, bali pia: mita hii ikikataa, nani anaitwa, na namba yake ni ipi?

Tumesema habari ya mita. Kufuli janja na kamera zenyewe bado ni chache upande wetu, lakini tuliona kamera moja. Ni ya sola, ina laini ya simu, imefungwa juu ya lango la ua wa vyumba vinane. Mwenye nyumba anatazama kwa simu yake nani ameingia na saa ngapi. Wapangaji hawakuulizwa. Wake kwa waume wanaingia kila siku chini ya jicho hilo, na wageni wao, na ndugu zao wakitoka kijijini na mizigo. Uganda ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, na msingi wake ni kwamba mtu aarifiwe na aridhie kabla habari zake hazijakusanywa. Ndani ya ua ule hakuna aliyewahi kuisikia sheria hiyo, na huenda mwenye kamera pia hajaisikia.

Chini ya kamera hiyo palikuwa na kibanda cha mlinzi. Sasa kinawekwa mkaa. Mlinzi mwenyewe tulimpata sokoni, anasukuma toroli. Alikuwa akipokea mshahara mdogo, na sisi wa chama tulikuwa tumeanza kumwandikisha. Alituambia bila uchungu mwingi kwamba kamera inaona mwizi ila haimkimbizi. Kisha akataja mambo aliyoyafanya pale ambayo hayakuandikwa popote: kumpokea mtoto wa shule mama akichelewa, kuanua nguo mvua ikinyesha, kumwamsha mkunga aliyekuwa na zamu. Wasoma mita wa makampuni ya umeme walipotea vivyo hivyo mita za tokeni zilipoenea, na vyama vyetu vilichelewa kusema. Kabla ya kusifu nyumba inayojilinda, na tuulize ni mshahara wa nani uliolipia kamera.

Wapo watakaosema kwamba tunaogopa vitu vya mbali. Basi tuwaambie ya mbali kweli. Jijini New York, katika mtaa wa 45 upande wa magharibi, wenye nyumba waliweka kufuli za kufunguliwa kwa programu ya simu. Wapangaji kadhaa walikwenda mahakamani mwaka 2019, na miongoni mwa waliotajwa katika kesi ile alikuwapo mzee wa miaka 93 ambaye hakuweza kutumia simu ya namna hiyo, akawa kama mfungwa ndani ya nyumba yake. Mwezi Mei mwaka huo walikubaliana: mpangaji anayetaka ufunguo wa chuma apewe ufunguo wa chuma. Katika majengo ya Atlantic Plaza Towers, huko Brooklyn, mwenye nyumba aliomba mwaka 2018 kuweka mashine ya kutambua nyuso langoni. Wapangaji, wengi wao wanawake weusi, walikwenda mlango kwa mlango wakikusanya saini, wakapeleka pingamizi. Novemba 2019 mwenye nyumba aliacha mpango huo. Hawakuwa mafundi wa kompyuta. Walikuwa wapangaji waliokaa kikao.

Kwetu hapa sheria ipo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama, na anayemtoa bila amri hiyo anatenda kosa. Inasema pia mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, au uwe katika ujumbe wa kielektroniki. Hata kama mkataba wako haufiki hapo, hakuna anayekukataza kuandika. Ujumbe wa simu unaosema "Tumekubaliana taa imo ndani ya kodi" ni bora kuliko mashahidi watatu waliokwisha kuhama. Maoni yetu, na tunayasema kama maoni, ni haya: mwenye nyumba anayezima taa, maji au kufuli kwa kidole ili mpangaji aondoke, anatafuta kumtoa bila mahakama. Tungependa kumwona wakili akilisimamisha jambo hilo mbele ya hakimu wa Arua.

Lakini tusijifanye kana kwamba wenye nyumba ni watu wengine. Wanachama wetu wengi, hasa waliostaafu, wana vyumba viwili vitatu vya kupangisha, na kodi hiyo ndiyo pensheni yao ya kweli. Mmoja wao, dereva mstaafu, alitukaribisha chai akatueleza upande wake. Wapangaji wawili walimkimbia usiku, wakaacha deni la miezi mitatu na bili ya umeme. Kwenda mahakamani kungemgharimu kuliko deni lenyewe. Sasa kodi inakuja kwa simu, lakini hata hapo kuna makato: ada ya kampuni ya simu, na ile kodi ya serikali ya nusu asilimia juu ya kutoa fedha, iliyoanza mwaka 2018. Kwa hiyo kodi inakatwa kodi, alisema, na lugha yetu ikamsaidia kucheka. Aliuliza: bila kisanduku kinachojifunga, ana nini mkononi? Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia kwamba mita inayouza umeme kwa bei ya haki na kukataa kutoa umeme usiolipiwa ni halali kabisa, ila deni la kodi lisifichwe ndani ya mita ya umeme. Alisema atafikiri.

Kutokana na mazungumzo hayo, tawi la Omugo limeandika karatasi ya ukurasa mmoja, ya kutiwa sahihi siku ya kuingia chumbani. Inataja jina na namba ya kila kisanduku na kila mita, ni mali ya nani, na deni lake kwa kampuni limebaki kiasi gani. Inataja bei ya uniti, na kwamba haitapanda bila taarifa ya mwezi mmoja. Inataja kwamba mpangaji atapewa namba ya akaunti ili aweze kulipia sola mwenyewe mwenye nyumba akichelewa, na alicholipa kikatwe katika kodi. Inataja ufunguo wa chuma. Paneli iliyonunuliwa na mpangaji ataondoka nayo, na matundu atayaziba. Kamera isielekezwe mlangoni mwa chumba cha mtu.

Muuguzi wetu alikuwa wa kwanza kuijaribu. Mwenye nyumba wake alikuja Jumamosi kwa pikipiki, akaisoma chini ya mwembe mara mbili, miwani ikiwa juu ya paji la uso mara ya kwanza na machoni mara ya pili. Alitia sahihi yote isipokuwa kipengele kimoja, kinachosema kwamba kila usiku wa giza usiosababishwa na mpangaji utapunguziwa kodi. Hicho alikipiga mstari. Alisema mvua ikinyesha wiki nzima na betri isijae, je, naye amdai Mungu? Muuguzi alisema mvua si kisanduku kilichofungwa. Waliendelea mpaka chai ikapoa. Namba ya akaunti, hata hivyo, alimpa palepale, na muuguzi akaiandika ukutani nyuma ya mlango kwa kalamu ya wino.

Nakala za karatasi hiyo, kwa Kiswahili, Kilugbara na Kiingereza, zinapatikana kwa makatibu wa matawi. Kipengele kilichopigwa mstari tumekiacha ndani.